UZI: Watoto wanasoma sana tu, tatizo hawajui wameelewa nini na nini bado

#1 Dada wa Makorora

Salaam wadau.

Kila matokeo ya fomu fo yakitoka yanarudi maneno yale yale, oh watoto wavivu, oh simu, oh Tanga raha watoto wameharibika. Mie sikubali na leo nataka tubishane. Jioni hukaa na vijana wa mtaani kwetu, kidato cha tatu na cha nne, wanakuja barazani na madaftari baada ya magharibi mpaka waitwe makwao kula. Hawa watoto wanasoma jamani. Mtu anarudia topiki moja mpaka daftari linachakaa kona. Ila mwambie "haya funga, niambie umesoma nini", anabaki kukuangalia. Na dakika ile kabla hujamwambia afunge alikuwa anaapa kaelewa, na hadanganyi, kweli mwenyewe anaona kaelewa.

Hoja yangu ndo hii. Ukisoma ukurasa mara ya tatu mara ya nne unateleza tu, hakuna panapokwama, basi kichwa kinakwambia hiki nakijua. Kumbe unachokijua ni ule ukurasa ukiwa mbele yako, na chumba cha mtihani ukurasa haupo. Sasa mtoto kama huyu mzazi anamwongezea tuisheni, anamwongezea masaa, yaani anamwongezea kile kile. Hakuna aliyemfundisha kujikagua, kwamba hiki nimekishika, hiki bado, hiki nilidhani nakijua kumbe hapana. Mie naona hili pengo ni kubwa kuliko la vitabu na kuliko la maabara. Anayepinga aje.

#2 Kijana wa Pongwe

Siti ya mbele kabisa. Endeleeni.

#3 Fundi Saa Ngamiani

Dada nakupinga mapema. Umeruka kubwa ukashika dogo. Mtoto kasoma la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anakuta karibu masomo yote Kiingereza, hapo unataka ajikague nini? Huyo anayekutazama mwambie akueleze kwa lugha anayoota nayo uone. Hapa dukani kuna kijana anakuja kujifunza ufundi wa redio, muulize umeme unapitaje kwenye saketi, atakueleza mpaka ufurahi, ukiziunga betri hivi inakuwaje na ukiziunga vile inakuwaje, na shuleni fizikia ana F. Huyo anajijua sana tu. Anachoshindwa ni kuyaandika hayo hayo kwa Kiingereza.

#4 Mwl Namba

Mie nafundisha hesabu, nipo na dada #1 kwa asilimia kubwa ila na fundi hajakosea. Niwape ninachokiona darasani. Naandika swali ubaoni nalifanya lote, nauliza mmeelewa, darasa zima ndioooo. Nafuta, naandika swali lile lile nimebadili namba tu, nusu ya darasa kalamu haisogei. Na hesabu lugha yake ni namba fundi, Kiingereza hapo ni maneno mawili matatu. Kwa hiyo lugha ipo, na hili la kudhani umeelewa nalo lipo, tena kubwa.

Wananiangalia nikilifanya, na kumwangalia mtu akifanya kunaleta hisia kwamba hata wewe unaweza. Kusoma bila kujipima ni kupika pilau usionje chumvi mpaka sahani zishatua mbele ya wageni. Mtihani wa taifa unakuwa ndo mara ya kwanza mtoto kuonja.

#5 ChumaChaMkonge

Mnazunguka sana. Kila mtu ana namna yake ya kujifunza, kuna wa kusikia, kuna wa kuona, kuna wa kushika kwa mikono. Kijana wa fundi ni wa mikono ndo maana redio anaiweza. Mtoto ajue yeye ni wa aina gani basi, mada imeisha.

#6 Msomaji Raskazone

@ChumaChaMkonge haijaisha kaka. Hiyo ya aina za wanafunzi imeenea dunia nzima lakini ilipochunguzwa haikusimama. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu wa Marekani walipitia tafiti zilizokuwepo wakitafuta ushahidi kwamba mtu "wa kuona" akifundishwa kwa kuona anafanya vizuri kuliko akifundishwa kwa njia nyingine. Hawakuupata ushahidi wa kutosha. Watu wanapendelea njia fulani, hilo kweli, ila unachopenda na kinachokusaidia vinaweza kuwa vitu viwili tofauti.

Na hapo ndo namuunga mkono mleta uzi kwa nguvu zote. Kuna jaribio la Roediger na Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kule St. Louis, lilitoka 2006. Wanafunzi walipewa habari fupi za kusoma. Kikundi kimoja kilisoma vipindi vinne mfululizo. Kingine kilisoma kipindi kimoja tu, halafu vipindi vitatu wakaweka habari kando wakawa wanaandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 83, wale wengine 71. Mpaka hapo utasema kurudiarudia ndo dawa. Baada ya wiki, waliosoma mara nne wamebaki na asilimia 40, waliojipima wana 61. Na walipoulizwa mapema mnadhani mtakumbuka kiasi gani baada ya wiki, waliojiamini zaidi walikuwa wale wa kusoma mara nne!! Soma tena hapo. Waliosahau zaidi ndo waliokuwa na uhakika zaidi.

#7 Popo wa Amboni

Chuma umepigwa na tarehe kabisa 😂 pole kaka

#8 ChumaChaMkonge

Sijapigwa. Hao ni wanafunzi wa chuo Marekani wameshiba, wamelala, wana taa. Mlete utafiti wa mtoto wa Mabokweni anayetembea kwenda shule na kurudi ndo tuongee. Na mie nasema yule Mmarekani wa kusahau, Ebbinghaus, aliwapima wanafunzi wake mia akakuta wiki moja wamesahau asilimia tisini. Binadamu anasahau tu hata ajikague.

#9 Msomaji Raskazone

Hapo naomba nisahihishe. Hermann Ebbinghaus alikuwa Mjerumani, kitabu chake kilitoka 1885, na hakuwapima wanafunzi mia, alijipima mwenyewe peke yake. Alikariri silabi zisizo na maana yoyote, halafu anakaa muda, anapima akizirudia zinamchukua muda gani kuzishika upya. Alichokiona ni kwamba kusahau kunakwenda mbio saa za mwanzo, halafu mwendo unapungua. Na zile zilikuwa silabi tupu, somo lenye maana linashikika zaidi ya hapo. Pia aliona kurudia kulikogawanywa siku tofauti kunashinda kurudia kwingi kwa mkupuo. Kwa hiyo hata huyo shahidi wako anatusaidia sisi.

Hilo la shibe na usingizi lakini sikubishii, ni hoja halali.

#10 Ustadh Mabawa

Assalaam aleykum. Nasoma uzi huu nashangaa mnaenda mpaka Ujerumani na chuoni hapa mtaani jambo hili lipo miaka na miaka. Mtoto anayehifadhi Qur'ani hatumuulizi "umeelewa?". Msahafu naushika mie, yeye anasoma kwa moyo. Akikwama pale pale panajulikana, yeye anajua na mie najua, hakuna kudanganyana. Somo jipya analeta leo, na kabla halijapokelewa anasoma la jana, na kuna muraja'a, yaani kurudia juzuu za nyuma. Asiyefanya muraja'a zinamtoka, hata awe na akili vipi. Mtoto aliyepita njia hii anajijua, atakwambia "ustadh juzuu ya nne ninayo madhubuti, ya saba inanichanganya mahali aya zinapofanana". Huo ndo ukaguzi anaousema dada. Cha ajabu mtoto huyo huyo akienda shule asubuhi anasoma historia kwa kupitisha macho. Mie huwauliza, mbona hamuichukui njia mkaipeleka kule?

#11 Kijana wa Pongwe

Ustadh umeniamsha. Hii posti nimeisevu.

#12 Fundi Saa Ngamiani

Kwa heshima ustadh, huko ni kuhifadhi maneno kama yalivyo na ndivyo inavyotakiwa. Kemia ukiihifadhi kama ilivyo umekwisha. Kukariri ndo kumetufikisha hapa, mtoto anatapika sentensi nzima ya daftari, ukimgeuzia swali kidogo hana kitu.

#13 Popo wa Amboni

Na ustadh bakora mbona hujazitaja, au hizo nazo ni sehemu ya ukaguzi 😂

#14 Ustadh Mabawa

Fundi nimekuelewa, ila sikusema wakariri kemia, nimesema kitabu ashike mwingine. Unaweza kushika kitabu ukamuuliza "kwa nini", si lazima umuulize maneno. @Popo bakora sizitumii, njoo Alkhamis uone mwenyewe.

#15 BiMkubwa wa Sahare

Popo kasema utani ila kagusa pale pale ninapotaka mie. Nyote mmepita pembeni. Mtoto anasema "nimeelewa" kwa sababu kusema "sijaelewa" kuna gharama. Atachekwa na wenzake, ataambiwa ulikuwa wapi nikifundisha, pengine atasimamishwa mpaka kipindi kiishe. Toka darasa la kwanza kajifunza kwamba jibu la usalama ni ndio. Mtu aliyejizoesha kuwaficha wengine kwamba hajui, mwisho anajificha na mwenyewe. Sio mambo ya kumbukumbu hayo, ni mambo ya woga. Binti yangu mdogo alihama shule, alikohamia mwalimu wa baiolojia anawaandikisha kila Ijumaa kwenye karatasi bila jina kitu kimoja ambacho hawajakielewa, anazikusanya anazisoma. Karatasi hazina jina basi watoto wanasema ukweli, na akiona kumi zinasema kitu kimoja anakirudia. Mtoto kabadilika nyumbani pia, anasema "mama hapa sijui" bila kuona haya. Hakuna aliyemfundisha mbinu yoyote ya kusoma.

#16 Mwl Namba

Bi Mkubwa shikamoo. Hiyo ya karatasi bila jina naichukua kesho.

#17 Dada wa Makorora

Bi Mkubwa hili sikuliona hivyo na nalikubali kwa sehemu. Ila woga hauelezi yote. Barazani kwangu hawaniogopi, wananitania mpaka basi, na bado mtu anasema kaelewa, akifunga daftari hamna. Wengine wakifunga wakakuta hamna wanastuka wenyewe kabisa, unaona uso unabadilika. Mtu aliyekuwa anaficha hastuki.

#18 Mzee wa Themanini na Nane

Vijana nipeni nafasi. Mie kikosi cha Coastal Union kilichochukua ubingwa wa 1988 nakitaja chote usiku huu ukiniamsha, na sikukisoma popote. Shuleni nilisoma mambo mengi ya maana zaidi ya hayo na yameniacha. Kwa nini? Kwa sababu Coastal ilikuwa inaniingia moyoni. Mtoto asipopenda anachosoma hamtamsaidia kwa vikagua wala vikaguzi. Tafuteni namna apende kwanza.

#19 Popo wa Amboni

Mzee wa watu toka 88 hana ubingwa mwingine wa kutaja, lazima akumbuke huo huo 😂😂

#20 Mzee wa Themanini na Nane

Wewe mtoto wa African Sports nakujua kwa harufu.

#21 Msomaji Raskazone

Mzee naomba nikuulize kwa adabu. Tangu 88 hadi leo umekitaja hicho kikosi mara ngapi kwenye kahawa? Kila ukikaa na wenzako mmoja anasema namba saba alikuwa fulani, mwingine anasema la, mnabishana, mnarekebishana, mwezi unaofuata mnarudia. Hapo mmekuwa mnajipima kwa miaka, bila karatasi, kwa nafasi nafasi, na makosa yanasahihishwa pale pale. Mapenzi yamekuleta barazani, sawa, ila kilichokushikisha majina ni hayo mabishano. Mtoto aliyelipenda somo akaishia kulisoma kimya kimya litamtoka tu.

#22 Mzee wa Themanini na Nane

Umesema vizuri lakini bila mapenzi nisingekwenda barazani. Hapo hujanitoa.

#23 NesiUsiku

Natoka zamu nimekuta uzi umenoga. Kitu kimoja tu na nitakisema kwa ukali kidogo. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Nyie mnaongelea kujikagua, mtoto analala saa saba usiku anaamka saa kumi na moja, atajikagua na nini? Ubongo unapanga na kuimarisha kilichosomwa mchana mtu akiwa amelala, sio hadithi hiyo. Na mtu mwenye usingizi ni mbovu pia wa kujua kama yuko sawa au hayuko sawa, tunajiona sisi wa zamu. Wazazi mnaojisifu mwanangu anakesha na kitabu, mnamharibia. Chai kavu asubuhi na mchana hajala, hilo nalo tusiliruke, #8 yuko sahihi.

#24 Msuli Mkubwa

Nesi naheshimu kazi yako ila sisi wa bweni tulikesha na tukatoboa, divisheni wani pointi zangu zipo. Bila msuli hakuna PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu. Miguu kwenye beseni la maji na kahawa pembeni, asubuhi pepa tunalichana.

#25 Mwl Namba

Msuli ndugu yangu, waliokesha wakapata ziro nao wapo, ila wao hawaanzishi stori hizi. Nikuulize, mlipokesha mlikuwa mnafanya nini hasa?

#26 Msuli Mkubwa

Pasti pepa. Tunajifungia watu wanne, kila mmoja anafanya lake, tukimaliza tunasahihishana kwa kelele. Mwenye jibu tofauti anasimama ubaoni anatetea.

#27 Mwl Namba

Basi umenijibu mwenyewe. Toa kukesha, weka hiyo kazi saa moja jioni uone kama hamtatoboa vile vile.

#28 Mama Wawili Muheza

Habarini za humu. Mie nasoma tu siku zote leo nimeona niulize. Niliishia la saba, nauza machungwa, watoto wangu wawili wapo sekondari na nataka kuwasaidia, lakini vitabu vyao vya Kiingereza mie sivielewi hata mstari. Haya mnayosema mzazi kama mie anayafanyaje? Au ni ya wazazi waliosoma?

#29 Dada wa Makorora

Mama karibu sana, swali lako ni bora kuliko yote humu. Wewe unaweza kuliko hata mzazi msomi, sababu msomi anakimbilia kumfundisha mtoto, anammalizia sentensi. Fanya hivi. Mtoto akisema nimemaliza, chukua daftari likae mapajani kwako, limefungwa. Mwambie "haya nifundishe, kwa Kiswahili, kama unamweleza mtu asiyejua". Wewe kazi yako ni kuuliza tu, kwa nini? halafu ikawaje? nipe mfano hapa hapa Muheza. Utaona mwenyewe anapobabaika, hata kama somo hulijui. Anaanza "aah yaani... kile kitu...", hapo ndo hajui. Usimgombeze. Mwambie fungua uangalie hapo tu, halafu funga tena unieleze. Dakika kumi na tano kila jioni zinatosha, na kesho kabla ya somo jipya muulize la jana kidogo.

#30 BiMkubwa wa Sahare

Hapo "usimgombeze" iandikeni kwa herufi kubwa.

#31 Fundi Saa Ngamiani

Na hapo "kwa Kiswahili" nayo iandikwe kwa herufi kubwa 😄 Naona taratibu mnakuja kwangu.

#32 Mama Wawili Muheza

Ahsanteni. Hili naliweza, leo leo.

#33 Kijana wa Pongwe

Mbona hamjaitaja simu? Mie nimeona kijana anaweka simu kifudifudi kwenye daftari na kila ikitetemeka mkono unaenda. Kuna ile ya Wamarekani ya pomodoro, dakika 25 unasoma simu iko mbali, 5 unapumzika. Inasaidia sana.

#34 Msomaji Raskazone

Ni ya Mtaliano, Francesco Cirillo, aliianza miaka ya mwisho ya 80 akiwa mwanafunzi, jina limetoka kwenye saa ya jikoni yenye umbo la nyanya aliyokuwa anaitumia. Ni nzuri kwa kuanza kazi na kwa kuiweka simu mbali. Ila dakika 25 za kupaka rangi mistari ya kitabu zinabaki kuwa dakika 25 za kupaka rangi. John Dunlosky na wenzake 2013 walipitia mbinu kumi wanazotumia wanafunzi, mbili tu ndo wakazipa daraja la juu, kujipima na kugawanya masomo kwenye siku tofauti. Kupigia mistari na kusoma upya vikawekwa daraja la chini, na hivyo viwili nahisi ndo vinavyotumika zaidi Tanga nzima.

#35 BintiKidatoNne

Shikamooni wakubwa. Mie ndo mwanafunzi mwenyewe mnayemjadili hahaha, nipo kidato cha nne, mtihani Novemba. Naomba kusema. Nimeshajaribu kufunga daftari. Kweli unaona hujui, lakini unachukua muda mreeefu sana, topiki moja ambayo ningeisoma jioni moja inakula siku tatu, na nina masomo tisa, na kuna topiki za kidato cha pili nimezisahau zote. Nikienda hivi simalizi. Nikisoma kwa kupitia angalau namaliza zote. Na ukijipima ukakosa kila kitu inavunja moyo, unafunga unalala. Mnanishauri nini?

#36 ChumaChaMkonge

Haya sasa wataalamu wa 2006 na 2013 mjibuni mtoto.

#37 Mwl Namba

Marahaba binti, umeuliza kama mtu mzima. Usijipime kila kitu. Mwanzo wa kila topiki, kabla hujasoma chochote, chukua swali moja la pasti pepa ulijaribu. Ukiliweza ruka mbele, usiisome topiki unayoijua kwa sababu inakupa raha, wanafunzi wengi wanakaa humo humo kwenye raha. Ukishindwa, sasa unajua unatafuta nini ndani ya topiki. Huo muda unaouona umeongezeka umeuokoa kwingine.

Na uwe na daftari la makosa, kila kosa andika limetoka wapi. Nilikuwa sijui kabisa? Nilijua nikasahau? Sikuelewa swali limeuliza nini? Haraka? Kila moja ina dawa yake. Kosa la kusahau halitibiwi kwa kusoma topiki upya, linataka kurudiwa baada ya siku kadhaa. Kosa la haraka halitibiwi kwa tuisheni. Watoto wengi hulipia tuisheni ya hesabu kumbe tatizo lao ni alama ya kutoa wanaiangusha njiani. Halafu ingia tovuti ya Baraza la Mitihani, mbali na maswali wanaweka ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, waliokosa walikosea nini. Ni bure na ni hazina kubwa.

Kitu kingine, kabla ya kusahihisha andika maksi unayodhani utapata. Ukidhani 70 ukapata 40, pengo hilo ndo somo lako la wiki. A inaanzia 75 na C inaanzia 45, wengi wanaoamini wako kwenye B wako chini ya C, na hawana habari.

#38 Msomaji Raskazone

Nyongeza fupi kwa binti. Ukitaka kujua kama kitu unakijua usijiulize hapo hapo ulipomaliza kukisoma, bado kipo mdomoni. Jiulize kesho yake. Na yale madogo madogo ya kukumbuka yaweke kwenye vikadi, swali mbele jibu nyuma. Sebastian Leitner, mwandishi wa Kijerumani, aliieneza miaka ya 70 njia ya kuvigawa kwenye visanduku. Ulichokipata kinasogea sanduku la nyuma linaloguswa mara chache, ulichokosa kinarudi sanduku la kwanza. Boksi la viatu linatosha.

#39 BiMkubwa wa Sahare

Na hilo la kuvunjika moyo mbona mmeliruka? Mtoto kasema analala. Mwanangu, jipime na mwenzio, usijipime peke yako usiku. Mkikosa wote wawili hakuna aibu, mnacheka mnafungua kitabu.

#40 BintiKidatoNne

Ahsanteni jamani. Basi nijipime hapa hapa mbele yenu kabla sijabadili mawazo, kemia, topiki ya moli, daftari nimelikalia. Moli moja ni kiasi cha kitu chenye chembe 6.02 × 10²³, hiyo inaitwa namba ya Avogadro. Gesi moli moja kwenye joto na kanieneo la kawaida ujazo wake 22.4 dm³. Kupata idadi ya moli unachukua uzito wa moli moja unagawa kwa uzito ulionao.

#41 Mwl Namba

Hiyo ya mwisho una uhakika nayo kiasi gani kati ya 10?

#42 BintiKidatoNne

9.

#43 Mwl Namba

Haya. Magnesiamu uzito wa moli moja ni gramu 24. Nina gramu 12. Nina moli ngapi?

#44 BintiKidatoNne

24 kugawa kwa 12... mbili.

Subiri. Gramu 24 ndo moli moja, sasa 12 ambazo ni nusu yake zitatoaje mbili. Ni nusu moli. Nimegeuza!! Ni uzito nilionao ugawe kwa uzito wa moli moja. Na nilikuwa naiona kila siku kwenye daftari.

#45 Dada wa Makorora

9 kati ya 10. Ndo hicho nilichokileta toka #1.

#46 Msuli Mkubwa

Binti hiyo hutaikosea tena maishani, mtu akikosea kitu alichokuwa na uhakika nacho kinamganda.

#47 Fundi Saa Ngamiani

Dada usishangilie peke yako. Angalia alivyojirekebisha, kajirekebisha mwenyewe bila mwalimu kumwambia jibu, na kafanya hivyo kwa Kiswahili. Angeulizwa kwa Kiingereza angeandika mbili akaendelea na swali linalofuata. Mie narudi pale pale, akili ya kujikagua anayo, mmemnyima lugha ya kujikagulia.

#48 Dada wa Makorora

Fundi lakini kile kisicho sahihi nacho kakiandika kwa Kiswahili, tena kwa uhakika wa tisa. Lugha haikumzuia kukosea.

#49 Fundi Saa Ngamiani

Haikumzuia kukosea, ilimsaidia kugundua. Hayo ni mambo mawili.

#50 NesiUsiku

Na ni saa nne na nusu usiku, binti una shule kesho.

#51 BintiKidatoNne

Sawa nesi. Fundi na dada nisubirini, kesho jioni nikimaliza kuosha vyombo naandika topiki hii hii kwa Kiingereza bila kuangalia, halafu mtaamua nani kashinda. Mwalimu nitafutie swali la asidi na besi.

#52 Mwl Namba

Ninalo. Andika na maksi unayodhani utapata.